Sumu Isiyowekwa kwenye Kioo

Wifi yangu kazi yake ni kutunza sumu. Nasema hivyo makusudi, maana ukisema anafanya kazi maabara, watu wanakuletea vikohozi vyao. Mtaani kwetu walimwita Daktari mpaka jirani mmoja akamletea mtoto mwenye upele, na wifi akamwambia kwa upole, "Dada, mimi sitibu watu. Mimi napima sumu kwenye vyakula." Kuanzia hapo jina likageuka, akawa Bi Sumu. Mwenyewe alilizoea, ukimwita hivyo anaitika.

Mimi ni fundi cherehani. Mume wake ni mdogo wangu, tumbo moja, seremala. Karakana yake na kibanda changu vimeshikana ukuta, kwa hiyo vumbi la mbao zake linatua kwenye vitambaa vyangu na ugomvi wake unatua masikioni mwangu. Watu wanamwita Randa. Wengine wanadhani ni kwa sababu ya kazi. Sisi wa nyumbani tunajua kwamba akikuanza haachi, anakukwangua taratibu, anakukwangua tena, mpaka ubaki mwembamba.

Na wivu alizaliwa nao. Tulipokuwa wadogo alikuwa na kikombe chake cha bati, na mtu mwingine akikinywea, hata kama ni mgeni, hakigusi tena mpaka mama akisugue kwa majivu mbele ya macho yake. Mama alicheka, akasema akikua itaisha. Haikuisha. Ilihama tu, ikatoka kwenye kikombe ikaenda kwa mke.

Mimi na wifi tulianza kama mawifi wote wanavyoanza, kwa kukatana macho. Alikuja na tabia zake. Akirudi kazini hasalimii mtu kwa mkono. Anapita moja kwa moja bafuni, anaoga, anabadili nguo, ndipo anamchukua mtoto. Nikamwambia mdogo wangu, mkeo anatuona sisi wachafu. Kumbe mchafu kwa hesabu zake alikuwa yeye, hakutaka kutuletea hata chembe ya kazi yake. Siku moja nikamuuliza waziwazi: hiyo sumu mnayofungia kwenye friji kama dhahabu, ni ya nini?

Akanieleza kwa mfano wa soko, maana alijua mimi si mtu wa mashine. "Wifi, ukitaka kupima kilo ya maharage unahitaji nini?"

"Jiwe la kilo."

"Basi ile sumu ndiyo jiwe letu. Ni ile dawa ya kuulia magugu, parakwati. Mtu akiimeza, madaktari hawana cha kuiondolea. Wakulima wanaipiga shambani, na sisi tunataka kujua imebaki kiasi gani kwenye mazao. Sasa ili tujue, lazima tuwe na sumu yenyewe, safi, ambayo uzito wake tunaujua sawasawa. Tunaipitisha kwenye mashine, halafu tunapitisha maji tuliyoyakamua kwenye maharage ya mkulima, tunalinganisha. Jiwe likiwa la kweli, jibu ni la kweli. Jiwe likipungua, maharage ya kila mtu yataonekana mazito."

Yaani mtu asiye na kosa atahukumiwa kwa sababu jiwe limemegeka. Hilo nililielewa vizuri, nimeibiwa sana sokoni.

Akaniambia pia kwamba sumu hii ina tabia yake. Haiwekwi kwenye chupa ya kioo. Ikishachanganywa na maji mengi, inatoka kwenye maji inajibandika kwenye ukuta wa kioo, na maji yanabaki hayana kitu. Kwa hiyo yao inakaa kwenye chupa ya plastiki, daima.

"Hiyo sumu ina wivu," nikamtania. "Ikipata pa kung'ang'ania haiachii."

"Kama mdogo wako," akajibu bila kuinua uso. Nilicheka mpaka sindano ikanichoma, na siku hiyo ndiyo tulipoanza kupatana.

Kuna jambo moja la kazi yake ambalo lazima mlijue, maana kila kitu kilitokea hapo. Sumu ile haishikwi na mtu mmoja. Wanaingia wawili kwenye chumba cha mizani, mlango unafungwa, kwa sababu hata upepo wa mtu anayepita unaitikisa ile mizani. Mmoja anashika, mwingine anatazama. Anayeshika anasema, "Namimina." Anayetazama anajibu, "Nimeona." Asipojibiwa haendelei, hata kama mkono umechoka. Ndiyo amri ya mle ndani na wifi aliishika kuliko mtu yeyote, ndiyo maana ufunguo wa friji walimkabidhi yeye.

Ukifanya jambo kila siku linakufuata nyumbani. Wifi alikuwa akishika chupa ya chai, kabla ya kumimina, anasema, "Namimina." Halafu mkono unasimama kidogo hewani. Mtoto alidhani ni mchezo. Mwanzoni hata Randa alidhani hivyo. Shahidi wake kazini wakati huo alikuwa mama mmoja mtu mzima, mwenye miwani na wajukuu, na Randa alimpenda sana, kila sikukuu alimtumia salamu.

Yule mama akastaafu. Akaletwa mwanaume.

Jina lake sitalitaja, nyumbani tulimwita Shahidi, na Randa alilitamka jina hilo kama mtu anayetema kokwa. Alikuwa mtu wa rika la wifi, mtulivu, mashati yamenyooka. Mke alikuwa naye, lakini alikuwa bado kwao na watoto, wakisubiri nyumba.

"Wa mbali si mke," Randa akasema, akipiga msumari ambao ulikuwa umeshaingia.

"Kwani wewe unamuoa nani, mke wake au yeye?"

"Dada, nisikilize. Mwanamke na mwanaume, chumba kidogo, mlango umefungwa. Kila siku."

"Wanapima sumu."

"Ndivyo wanavyosema. Lisemwalo lipo."

Nilimwambia aendelee na kitanda cha watu. Lakini nilimwona usoni, limeshamwingia.

Basi wifi akapata homa, akalala nyumbani siku kadhaa. Mkuu wa maabara na Shahidi wakaja kumjulia hali, wamebeba mfuko wa machungwa. Mimi nilikuwepo, nimekaa kwenye kigoda karibu na mlango. Shahidi akamsalimia Randa kwa heshima zote, "Shemeji, habari za kazi." Randa akaitika salama, lakini taya lilisema shemeji wa wapi. Wifi alikuwa amepata nafuu, akataka mwenyewe kuwapa wageni chai. Akashika chupa, akasema kwa mazoea yake, "Namimina."

Na yule bwana, pale kwenye kiti, akiwa anaangalia kwingine kabisa, akajibu, "Nimeona."

Wakacheka. Mkuu naye akacheka, akasema hawa watu wangu kazi imewalevya. Hata mimi nilitabasamu, maana lilikuwa jambo la kuchekesha, kama fundi anayepima kwa macho kiuno cha kila anayepita. Randa hakucheka. Miaka yote ile mke wake alikuwa akisimamisha mkono hewani mezani pake, na yeye hakuwahi kujua kwamba kuna jibu. Jibu amelileta mwanaume mwingine.

Wageni walipoondoka alichukua kile kikombe alichonywea Shahidi, akakiosha mwenyewe. Akakisuuza. Akakirudia kukiosha. Nikaaga nikaenda zangu, sikutaka kuona kama atatafuta majivu.

Tangu hapo nyumba ikawa na baridi. Randa chakula alikula karakanani, amekaa juu ya rundo la maranda. Wifi akisema "Namimina" anamwuliza, "Unamngoja nani akujibu?" Akichelewa kidogo: mlikuwa mnamimina nini leo. Akiwahi: mbona umewahi, hayupo? Mwanamke akashika lipi? Alipungua mpaka nguo zake nikazipunguza mimi kiunoni, na kila nilipoweka pini nilimtukana mdogo wangu kimoyomoyo.

Halafu akaja na jipya. Kwa siku nyingi nilimsikia upande wa pili wa ukuta anasugua msasa taratibu, si kasi ya kazi ya mteja. Alikuwa anatengeneza sanduku. Na niseme haki yake, sijaona mkono wake ukitoa kitu kizuri kama kile. Mbao nyeusi, ngumu, halina hata msumari mmoja, kifuniko kinateleza kama kimepakwa mafuta. Ndani alitoboa matundu marefu, na kila tundu akaliwekea chupa ndogo ya kioo cha kahawia aliyoinunua duka la vifaa vya hospitali. Chupa ilizama yote, kikabaki kifuniko tu juu.

"Ni za sumu zake," akaniambia. "Nataka na mimi kitu changu kiwe mle ndani."

"Wewe ni mume wake au bango la duka?"

Alikuwa anapuliza vumbi kwenye matundu, tundu baada ya tundu.

Wifi alipopewa alilia. Alidhani ni mwisho wa vita. Akamwomba mkuu wake, akaruhusiwa, sanduku likaingia kwenye friji na chupa zake zikawekwa sumu nyingine, zile ambazo hazina shida na kioo. Alirudi nyumbani anamsimulia Randa jinsi watu walivyolisifu. Randa akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na ile kubwa? Ile yenu?"

"Ile haikai kwenye kioo, nilishakwambia."

"Chupa zake za plastiki zinafaa. Zangu hazifai."

"Si zake, ni za maabara."

"Haya."

Hilo "haya" lake nalijua. Likitoka hilo, ujue kwa wiki nzima hutapata jingine.

Nusu ya mambo yaliyofuata nimeambiwa na wifi, nusu na Randa mwenyewe, na yanafanana, kwa hiyo naamini. Ilikuwa siku ya mwisho ya kazi kabla wifi hajaanza likizo. Randa akafunga karakana mapema, akaenda maabara, akamwambia mlinzi amekuja kumchukua mke wake. Mlinzi akamruhusu mpaka kwenye ujia, ambako chumba cha mizani kina dirisha la kioo ili aliye nje aone waliomo ndani wako salama. Akasimama pale, akatazama.

Walikuwa wameinama wote wawili juu ya mizani, vichwa karibu. Hawakuwa wanasema lolote. "Dada," aliniambia baadaye, na sauti yake ilikuwa ya mtoto, "walikuwa wamezuia pumzi. Wote wawili kwa pamoja. Mimi hajawahi kunizuilia pumzi hata siku moja." Nilitaka kumcheka nikashindwa, maana alikuwa anaumia kweli. Mtu mwingine anaumia kwa kufumania. Huyu wangu aliumizwa na watu wanaofanya kazi vizuri.

Shahidi akainua macho, akauona ule uso dirishani. Alikuwa ameshaufahamu. Alichofanya ni uungwana, na uungwana huo ndio uliotuponza. Alivua glovu, akatoka, akasema, "Karibu, shemeji," akapita zake kwenye ujia bila kugeuka, ili mwenzake asigombane na mumewe kwa ajili yake. Wifi akabaki ndani peke yake na sumu, na mume wake upande wa pili wa kioo.

Kwa amri ya mle ndani alipaswa kuweka kila kitu chini atoke. Lakini alikuwa amechoka. Alitaka aende likizo na mume anayecheka. Akaichukua ile chupa ya plastiki, akainyanyua juu Randa aione vizuri. Akatoa sanduku kwenye friji iliyo mle mle ndani, akafungua chupa yake moja iliyokuwa bado tupu, akabandika jina la sumu juu ya kifuniko chake. Sauti haipiti kwenye kile kioo, lakini Randa aliuona mdomo wake ukisema, "Namimina." Akaimimina yote ndani ya chupa ya mume wake. Hakuna aliyejibu. Randa alikuwa anacheka tu, meno yote nje.

Alikusudia kuirudisha kwenye plastiki mara moja, kabla hata ya kuvua koti. Sekunde chache haziharibu kitu. Lakini Randa akagonga dirisha, akamwonyesha kwa vidole kwamba twende, akampa ule uso aliokuwa nao siku walipooana. Wifi akarudisha sanduku, akafunga friji, akatoka. Niliwaona wakipita mbele ya kibanda changu, Randa amebeba mkoba wa mke wake begani kama mjinga, wanaongea. Kesho yake wakasafiri kwenda kwa wazazi wa wifi. Karaha inamkumbusha mtu kila kitu, furaha inamsahaulisha hata jina lake. Wifi hakuikumbuka ile chupa hata mara moja.

Alipomaliza likizo alikuta watu getini. Kikundi cha wakulima wa maharage, wamekaa chini ukutani, na mwenyekiti wao, mwanamke mwenye sauti iliyokauka, anamsihi mlinzi. Maharage yao yote yalikuwa yamepimwa yakakutwa na parakwati kupita kiwango. Yangeteketezwa. Mnunuzi alikuwa ameshaanza kugeuza malori. "Dawa tuliipiga kidogo, tena pembeni," yule mama alikuwa akirudia kwa kila aliyeingia. "Kila mwaka tunapita. Mwaka huu tumefanya nini?"

Ndani nako hali haikuwa shwari. Mkuu alikuwa ameshaanza kuona kasoro, maana hata sampuli za wakulima wengine zilikuwa zinapanda. Kwa kuwa wakati wote wa likizo ya wifi aliyekuwa akiichukua sumu ya kipimo ni Shahidi, yeye ndiye aliyeulizwa. Akaapa kwamba hakubadilisha chochote. Na kweli, alikuwa akifungua kifuniko chenye jina sahihi, anaingiza kibomba cha kunyonyea, anafunga. Alidhani wifi ametia chupa ya plastiki kwenye tundu lile, na chupa haikuwa na haja ya kutolewa. Randa alikuwa ameichonga kazi yake vizuri mno. Kesho yake Shahidi angekaa mbele ya wakubwa, na kila mtu alijua kwamba hatatoka na kazi.

Wifi akaenda kwenye friji, akateleza kifuniko, akaivuta ile chupa juu. Kioo. Akakaa sakafuni. Sumu ilikuwa imeng'ang'ania ukuta wa chupa siku zote zile, maji yamebaki matupu, na kwa jiwe hilo lililomegeka maharage ya watu yalikuwa yakihukumiwa.

Alasiri hiyo alituita mimi na Randa sebuleni kwake, akatueleza yote. Nilimtazama mdogo wangu. Nilitegemea nione aibu. Nikaona macho yanawaka.

"Kwa hiyo atafukuzwa?"

"Nani?"

"Yeye. Si ndiye aliyekuwa anaitumia? Si ndiye aliyeondoka chumbani? Wewe ulikuwa likizo. Kesho ingia mapema, mwaga hiyo, tengeneza nyingine, maharage yapimwe upya yapite. Wewe nyamaza tu."

Alikuwa ameshalipanga lote. Mtu ambaye hawezi kupanga siku ya kulipia mbao.

"Aliondoka chumbani kwa ajili yako," wifi akasema.

"Sikumwambia aondoke."

Hapo mimi nikashindwa. Nikamwambia mkuki kwa nguruwe mtamu, mdogo wangu, kwa binadamu mchungu. Yule ana watoto wanaongoja nyumba. Nikamwambia na mengine ambayo mama angekuwa hai asingeruhusu niyaseme. Wifi akaniinulia mkono ninyamaze. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililonitisha.

"Siku ile dirishani," akamwuliza mume wake, "nilisema nini?"

"Ulisema namimina."

"Nani alinijibu?"

Randa akatazama mikono yake.

Kesho yake wifi aliingia kwenye kile kikao kabla Shahidi hajafungua mdomo. Akasema, "Niliimimina mimi kwenye kioo. Bila shahidi. Mume wangu alikuwa dirishani na nilitaka afurahi." Mtu mmoja akacheka kwa pua, halafu akaona hakuna mwenzake, akakohoa. Mwanamke msomi, mtu mzima, kusema hivyo mbele ya wakubwa. Mimi nisingeweza. Ningesema nilikuwa na homa.

Wakatengeneza sumu ya kipimo upya, kwenye plastiki, watu wawili, kwa sauti. Maharage yakapimwa tena yakapita yote, na wale wakulima wakapakia malori yao wakiimba. Shahidi akapewa onyo kwa kuacha chumba. Chupa za kioo zikapelekwa kuteketezwa na taka za sumu, na sanduku likaenda nazo, maana mbao ikishaonja tone haioshiki. Wifi akanyang'anywa ufunguo. Si kwa muda. Walimwambia wazi kwamba aliyemimina peke yake mara moja hawezi kuaminiwa tena na friji ile. Wakamhamishia mapokezi, anapokea mifuko ya mazao, anaibandika namba, anaisukuma dirishani kwa wengine.

Mdogo wangu akapata alichotaka. Mke hana tena chumba, hana mlango wa kufunga, hana shahidi. Anarudi mapema, mikono haina sumu, mtoto anamrukia mlangoni. Siku za kwanza Randa alipiga mluzi karakanani mpaka nikamwomba anyamaze.

Baadaye mluzi ukaisha wenyewe. Alikuwa ameanza kwenda kumpokea getini kila siku, na mlinzi akamzoea, anamwachia aingie. Siku moja alirudi kutoka huko akaja kukaa kwenye kigoda changu, jambo ambalo halifanyi, anasema vitambaa vinamwasha.

"Dada, leo nimemkuta kwenye ujia. Amesimama pale dirishani."

"Dirisha lipi?"

"Lile. Ndani yumo Shahidi na binti mwingine, wameinama kwenye mizani. Yeye yuko nje anawatazama. Sikumwita. Nilisimama nyuma yake muda." Akaokota uzi ulioanguka. "Unaujua ule uso? Ni wangu. Uso wangu mimi, ila uko kwake."

"Anamwonea wivu Shahidi?"

"Hata hamtazami. Anatazama mkono wa yule binti."

Maji yakimwagika hayazoleki, na yeye analijua hilo bila mimi. Nikaendelea kushona. Akakaa mpaka nikafunga kibanda.

Jumapili iliyofuata nilikuwa kwao. Wifi alileta vikombe, akashika chupa ya chai, akamimina. Hakusema kitu. Hapo ndipo nilipogundua kwamba hajasema kitu siku nyingi, anamimina tu kama sisi wengine, huku anatazama kwingine. Randa alikuwa amekaza macho kwenye kikombe chake.

"Nimeona," akasema.

Mkono wa wifi ukasimama hewani. Akamtazama mume wake, kwa muda, si kwa ubaya.

"Umechelewa," akamwambia, na kumsogezea kikombe. "Kunywa, inapoa."